Neno "slack" la Kiingereza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hujirudia kwa wanafunzi wa Kiingereza, wafasiri na watu wa ofisini. Wanakutana na slack, wanafungua kamusi, wanapata "legevu", wanairudisha kwenye sentensi, haikai. Si lazima usome kwa mpangilio. Pale jibu moja linapogusa jingine, nimeelekeza.

## Ya msingi

Slack maana yake nini hasa?

Ni hali ya kitu kinachoweza kukazwa ambacho kwa sasa hakijakazwa. Kamba ya kuanikia nguo iliyobonyea katikati ni slack. Mnyororo wa baiskeli unaoning'inia ni slack. Likitumika kama nomino, *the slack* ni ule urefu wa ziada wa kamba, sehemu ambayo haijapata mzigo.

Angalia sharti lililojificha humo: lazima kuwe na kitu cha kuvutwa. Tope ni laini lakini haliwi slack. Kwa hiyo ukikutana na neno hili mahali popote, jiulize kwanza ni nini hapo kingeweza kukazwa. Ni kamba, nidhamu, ratiba, bajeti au soko? Ukishakijua, Kiswahili chake huja chenyewe. Karibu kila jibu hapa chini linategemea swali hilo moja.

Ni jambo baya au zuri?

Yote mawili, na hapo ndipo wafasiri hukwama. Akisemwa mtu, *a slack worker*, ni lawama: mzembe, mlegevu. Ikisemwa kamba, ratiba au bajeti, mara nyingi ni jambo la kutamanika: kuna nafasi, mtu anaweza kupumua.

Kiswahili hakivumilii mchanganyiko huo. Ulegevu kwetu ni aibu. Upande mzuri tunauita nafasi, nafuu, ziada, mwanya. Ripoti inayosema *there is some slack in the budget* ikitafsiriwa "kuna ulegevu katika bajeti", mhasibu amesingiziwa. Kilichosemwa ni kwamba zipo fedha kidogo ambazo hazijapangiwa kazi.

Tofauti yake na loose ni ipi?

Loose ni kutoshikamana, slack ni kutovutika. Jino linalotikisika ni loose. Mbuzi aliyekata kamba ni loose. Karanga zinazouzwa kwa kikombe, bila pakiti, ni loose. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoitwa slack. Kamba iliyofungwa vizuri ncha zote mbili lakini imebonyea ni slack, na fundo lake likianza kufunguka, hilo fundo ndilo loose.

Tatizo letu ni kwamba "legea" inatosha kwa jino na kwa kamba, kwa hiyo mwanafunzi hana sababu ya kuona maneno mawili. Nguo pana huitwa loose, ingawa kuna suruali zenye jina la slacks (tazama sehemu ya mwisho). Na usichanganye *loose* na *lose*, kupoteza. Wenye lugha yao nao huteleza hapo kila siku wakiandika.

Na lax je?

Lax ni ya sheria, usimamizi na ulinzi: *lax security* ni ulinzi mbovu, wa kufumbia macho. Siku hizi huwezi kuiita kamba lax. Lax na slack ni ndugu wa damu, na nasaba yao iko kwenye swali la *relax*.

Linatamkwaje, na lina sura ngapi?

Irabu ni ile ya *cat*, fupi, na k ya mwisho isikike wazi. Ukiilainisha ikawa *slag* utakuwa umetaja mabaki ya kuyeyusha chuma, na kwa Waingereza ni tusi zito kwa mwanamke.

Slack hutumika kama kivumishi, nomino na kitenzi. *Slacken* ni kulegea au kulegeza, *slackness* ni ulegevu, na *slacker* ni mtegeaji, ambaye ana swali lake.

## Asili

Neno hili limetoka wapi?

Limo katika Kiingereza cha kale, kabla ya mwaka 1100, likiandikwa *slæc*. Lina jamaa katika lugha nyingine za jamii ya Kijerumani, kama *slakr* ya Kinorse cha kale (lugha ya zamani ya Skandinavia) na *slak* ya Kisaksoni cha kale.

Watu wengi hudhani lilianza kwenye kamba, kisha likahamia kwa wavivu. Maandishi yanaonyesha kinyume. Katika Kiingereza cha kale lilimsema mtu: mzembe, asiyejali, mwenye kujivuta. Maana ya kitu kisichokazwa inaonekana baadaye, karibu mwaka 1300, na nomino ya "sehemu ya kamba isiyovutwa" inaonekana mwishoni mwa karne ya 18. Mabaharia, ambao kwa kawaida husifiwa kwa kuliunda, walilikuta tayari limewasema wavivu kwa karne nyingi.

Ni kweli kwamba relax, lease na leash ni ndugu zake?

Ni kweli, kwa upande wa Kilatini. Wanaisimu hulirudisha slack kwenye mzizi wa kale wa lugha za Kihindi-Kiulaya wenye maana ya kulegea. Sauti s mwanzoni mwa mizizi ya namna hii hutokea katika lugha moja na kukosekana katika nyingine. Upande uliobaki na s ukatoa slack, upande usio na s ukatoa *laxus* ya Kilatini.

*Laxus* ndiyo iliyozaa *lax*, *relax* na *laxative*, ile dawa ya aliyefunga choo. Ikapitia Kifaransa cha kale, ambako kitenzi chake kilikuja kumaanisha kuacha au kuachia, na huko zikatoka *release* na *lease*: mwenye nyumba anamwachia mpangaji kwa muda. *Leash*, kamba ya mbwa, imo humohumo, ingawa leo tunaiona kama kitu cha kuzuia. Jina lilitokana na kumwachia mbwa wa kuwinda.

Chokaa inaingiaje hapa? Nimeona "slaked lime" kwenye kitabu cha kemia.

*Slake* ni mtoto wa slack. Mwanzo ilikuwa kupunguza juhudi, kulegea, halafu ikawa kupunguza ukali wa kitu: kiu, hasira, moto. Ndiyo maana *slake your thirst* ni kukata kiu.

Kwa chokaa, mawe ya chokaa au matumbawe huchomwa mpaka hewa ya kaboni itoke, ikabaki chokaa kali inayounguza ngozi. Ukiimwagia maji inafoka, inachemka, inapasuka vipande na kuwa unga mweupe uliopoa, yaani kalsiamu haidroksaidi. Ukali umelegezwa. Nyumba za zamani za Lamu na za Mji Mkongwe, Zanzibar, zimesimama kwa chokaa ya matumbawe iliyopitia njia hiyo.

## Misemo

"Cut me some slack" ni kusema nini?

Nipunguzie ukali. Niachie kidogo. Usinibane hivyo. Ni msemo wa Marekani ulioenea kuanzia miaka ya 1960, na picha yake ni ya kamba: niongezee urefu nipate kujigeuza. Anayechelewa kazini kwa sababu ya mtoto mgonjwa angesema, "Bosi, naomba unielewe leo, nimetoka hospitali." Hiyo ndiyo tafsiri. "Nikatie ulegevu" haimwambii Mswahili chochote.

Ni lugha ya watu waliozoeana. Kwa hakimu, mkwe au ofisa wa ubalozi tafuta maneno mengine.

"Take up the slack" na "pick up the slack" je?

Kwa kamba halisi, ni kuvuta ile ziada mpaka kamba ikaze. Kwa watu, ni kuziba pengo: mwenzako hayupo au anategea, nawe unabeba sehemu yake. *Pick up the slack* husikika zaidi Marekani, na mara nyingi ina kinyongo ndani yake.

Slacker ni tusi?

Leo ni utani wenye ncha. Mtegeaji, mtu wa kukwepa kazi. Zamani lilikuwa zito zaidi. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Wamarekani walilitumia kwa mwanamume aliyekwepa kuandikishwa jeshini. Septemba 1918 kulifanyika msako mkubwa jijini New York, vijana wakasimamishwa mitaani na kwenye vituo vya treni watoe karatasi zao za kujiandikisha, na maelfu wakakamatwa. Wengi wao hawakuwa na hatia yoyote isipokuwa kutotembea na karatasi. Operesheni hizo ziliitwa kwa jina hilohilo, *slacker raids*.

Miaka ya 1990 likageuka tena, likawa jina la kijana aliyesoma lakini hataki mbio za mishahara. Wapo waliojiita hivyo kwa fahari.

"Slack season" ni msimu gani?

Wakati biashara imedorora. Kwa hoteli za Zanzibar ni masika, Aprili na Mei, ambapo baadhi hufunga milango kabisa na kupaka rangi.

## Baharini, barabarani, relini na mwambani

Slack water ni maji mafu?

Hapana, na kosa hili ni la hatari kwa mtu wa chombo.

Maji mafu ni hesabu ya siku. Mwezi ukiwa nusu, bahari hujaa kidogo na kupwa kidogo kwa siku kadhaa. Kinyume chake ni bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, ambapo Zanzibar tofauti ya kujaa na kupwa hufika karibu mita 4. *Slack water* ni hesabu ya dakika. Ni pale mkondo uliokuwa ukiingia unapokoma kabla ya kugeuka kutoka, au uliokuwa ukitoka unapokoma kabla ya kuingia. Kwenye pwani yetu hutokea kama mara nne kwa siku, iwe maji mafu au bamvua. Kiswahili cha kutosha ni kusema maji yamesimama.

Wapiga mbizi na manahodha wanaopita kwenye mlango mwembamba huusubiri muda huo. Lakini katika njia nyembamba mkondo hausimami lazima saa ileile maji yanapofika kilele. Jedwali linaloonyesha saa ya maji kujaa si jedwali la *slack water*.

Kwenye jahazi neno hili lingetumika wapi?

Kwenye demani kwanza, ile kamba inayolizuia tanga upande wa chini nyuma. Nahodha wa Kiingereza husema *slack the sheet*, na wetu husema legeza demani. Usidanganywe na *sheet*, hapo si shuka wala si tanga. Ni kamba.

Dereva wa lori ananiambia "slack adjuster" imeisha. Ni nini?

Ni mkono mfupi wa chuma ulio nyuma ya gurudumu, baina ya chemba ya hewa na ekseli ndogo inayozisukuma breki zigandamize ngoma kwa ndani. Kila breki inapotumika, bitana yake inalika, na mwanya kati yake na ngoma unaongezeka. Mwanya huo ndio slack. Ukizidi, fimbo inayosukumwa na hewa inasafiri mbali kabla breki haijagusa, na inaweza kufika mwisho wa safari yake bila kushika kwa nguvu. Mteremko wa Kitonga ukiwa mbele yako na tani 30 nyuma yako, hiyo si habari ndogo.

Kwenye malori yasiyojirekebisha yenyewe, fundi huingia uvunguni na spana, akageuza kichwa cha bolti mpaka bitana iguse ngoma, kisha akarudisha kidogo gurudumu lizunguke. Anaita kazi hiyo kukaza breki. Mwingereza amekipa kifaa jina la ugonjwa, fundi wetu anataja dawa.

Usukani unaozunguka kidogo kabla magurudumu hayajaitikia kwa kawaida husemwa una *play*.

Na kwenye treni?

Simama karibu na treni ndefu ya mizigo inapoondoka. Kichwa kinasogea, behewa la kwanza linashtuka, kisha la pili, la tatu, na mlio wa chuma unakimbia kuelekea nyuma. Behewa la mwisho hurukia mbele ghafla wakati kichwa kimeshaanza mwendo. Kila kiungo kina mwanya wake, na jumla ya mianya yote ndiyo slack ya treni.

Mwanya huo unarusha watu na kukata viungo dereva asipokuwa makini. Hata hivyo unamsaidia: mzigo unaanza kusogea behewa moja baada ya jingine badala ya wote kwa mpigo.

Wapanda miamba hupigiana kelele "slack!". Wanaomba nini?

Kuachiwa kamba zaidi. Anayepanda akiona kamba inamvuta chini asifikie shikio linalofuata, humpigia kelele mwenzake aliye chini.

Hapo pana mtego unaofundishwa siku ya kwanza. Ukitaka kamba ivutwe, usiseme *take in the slack*. Kwenye upepo, mwenzako atasikia neno la mwisho tu, *slack*, na ataachia kamba wakati wewe unaogopa kuanguka. Sema *take in*, basi. Wanaopanda Lukenya au Hell's Gate kule Kenya, ambako wageni na wenyeji huchanganya lugha kwenye kamba moja, waelewane kabla ya kuondoka chini.

## Ofisini na kwenye hesabu

Kwenye ratiba ya mradi, slack ni muda wa kupumzika?

Si likizo. Ni muda ambao kazi fulani inaweza kuchelewa bila kuchelewesha mradi mzima. Unajenga nyumba: kuta na paa zitachukua wiki 8, na milango inachukua wiki 3 kwa seremala. Ukiagiza milango leo, kazi ya seremala ina slack ya wiki 5. Kuta hazina hata siku moja. Kazi zote zisizo na slack zikiunganishwa ndizo zinazoamua tarehe ya kumaliza, na huko ndiko macho ya msimamizi yanapaswa kukaa.

Utakutana pia na *float*. Ni kitu kilekile. Slack ilienea kupitia mbinu ya kupanga miradi iliyobuniwa na jeshi la majini la Marekani mwishoni mwa miaka ya 1950, na wahandisi wa ujenzi walizoea float.

Wachumi wanaposema kuna slack katika uchumi?

Uwezo usiotumika: watu wanaotafuta kazi, mashine zilizolala, maghala tupu. Benki kuu huiangalia kwa sababu uchumi wenye uwezo uliolala unaweza kukua kidogo bila bei kupanda haraka. Gazeti likiandika "uchumi umelegea" linasema jambo jingine, kudorora. Andika "uwezo usiotumika".

Kuna slack ya taasisi pia. Wasomi wa Marekani Richard Cyert na James March waliiandikia mwaka 1963: rasilimali za kampuni zinazozidi mahitaji ya lazima, ambazo wakati wa shida huwa kinga. Meneja anayezifyeka zote ili aonekane hodari huacha kampuni isiyoweza kustahimili hata mfanyakazi mmoja kuugua. Hayo ni maoni yangu.

"Slack variable" kwenye hesabu za mstari ni nini?

Ni kiasi kilichobaki chini ya kikomo. Una unga kilo 50, maandazi na chapati vimekula kilo 42, slack ni 8. Kwa kuandika hicho kilichobaki kama herufi, sharti la "isizidi 50" linageuka kuwa mlinganyo kamili, na mlinganyo unatatulika. Mbinu ya simplex ya George Dantzig, ya mwaka 1947, ya kutafuta jibu bora ndani ya vikomo kama hivyo, huanzia hapo. Slack ikiwa sifuri, umepata kinachokubana kweli. Kama ni unga, kuajiri mpishi wa pili hakutakusaidia.

Programu ya Slack imepewa jina kwa sababu hiyo?

Programu hiyo ya mazungumzo ya kazini ilitoka kwa kampuni ya Stewart Butterfield iliyokuwa ikitengeneza mchezo wa kompyuta ulioitwa Glitch. Mchezo ulifungwa mwaka 2012, na chombo ambacho wafanyakazi walikuwa wamejitengenezea kuwasiliana ndicho kikawa bidhaa, ikafunguliwa kwa umma mwaka 2014. Salesforce waliinunua kwa takriban dola bilioni 27.7, mauziano yakakamilika mwaka 2021. Butterfield alieleza kwamba herufi za jina ni za maneno ya Kiingereza yenye maana ya kumbukumbu inayotafutika ya mazungumzo na maarifa yote.

Kwa msomaji, herufi kubwa ndiyo alama. *Slack me* ni nitumie ujumbe humo, haina uhusiano na kulegezana.

## Ya pembeni

Slacks ni suruali gani?

Suruali za kawaida, zisizo za suti wala jinzi. Jina lilianzia jeshini Uingereza katika karne ya 19, kwa suruali pana tofauti na zile za kubana. Leo nyingine hubana kabisa na jina limebaki.

Kwa nini muziki wa Jamaika una "slackness"?

Kwa Wajamaika slack ni mtu au maneno yasiyo na haya. Mashairi ya dancehall yenye matusi ya chumbani huitwa *slackness*, na Yellowman ndiye aliyejulikana zaidi kwayo mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ukiandika "ulegevu" hapo umepotea. Ni lugha chafu, utovu wa adabu.

Gitaa la "slack-key" ni lile la Hawaii la kuteleza chuma?

Silo. Lile la chuma kinachoteleza juu ya nyuzi ni jingine. Slack-key, au *kī hōʻalu*, hupigwa kwa vidole kwenye gitaa la kawaida ambalo baadhi ya nyuzi zimelegezwa, mara nyingi mpaka zote zikipigwa wazi zitoe kodi (*chord*) moja tamu. Magitaa yalienea huko pamoja na wachunga ng'ombe kutoka Mexico, walioletwa visiwani miaka ya 1830.

Nimeona slack ya makaa ya mawe, na kijiji kinachoitwa Slack. Ni neno lilelile?

Hayo ni maneno tofauti yaliyofanana sura. Slack ya makaa ni vumbi na chenga, na huenda ilitoka Kiholanzi cha zama za kati, upande wa neno la takataka za madini. Slack ya majina ya mahali, kama ile iliyo karibu na Huddersfield penye mabaki ya ngome ya Kirumi, ni *slakki* ya Kinorse, bonde dogo. Wanaikolojia bado wanaitumia kwa mabonde yenye maji kati ya vilima vya mchanga wa pwani, *dune slack*. Humo hakuna kilicholegea.